Kabla Hatujasema "Ni Mkakati Tu"

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu.

Wiki hii usingizi umenipaa. Kigango chetu kinahitaji mabati, hilo mnalijua. Masika yametukuta na turubai upande wa kwaya. Sasa amejitokeza mtia nia wa udiwani, muumini mwenzetu, ameahidi mabati ya upande mzima pamoja na mbao zake. Ila ana shauri la mpaka wa shamba na mama mjane wa jumuiya yetu, na shauri hilo liko Baraza la Kata. Wenzangu wa kamati wakaona inafaa mimi, mwenyekiti wa jumuiya, nimwendee mama huyo nimwombe aliondoe shauri lake hadi uchaguzi upite. "Haki yake haipotei," nikaambiwa, "ni mkakati tu."

Niliposita, mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, akanikumbusha Tabora. Hata Mwalimu Nyerere, akasema, alizikubali kura tatu.

Ni kweli alizikubali, na vijana wetu wengi hawaijui habari hiyo. Serikali ya kikoloni iliagiza kila mpiga kura achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na mpiga kura mwenyewe alipimwa kwanza kwa kipato, elimu au cheo. Kwa TANU, chama cha Mwalimu kilichopinga ubaguzi, utaratibu huo ulikuwa aibu. Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa TANU pale Tabora, wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu akawasihi waingie kwenye uchaguzi. Zuberi Mtemvu hakuafiki, akajitoa na kuanzisha chama chake. Simdharau kwa hilo. Aliifuata dhamiri yake. Lakini TANU ilishinda mwaka huo na uliofuata, na tarehe 9 Desemba 1961 tukawa huru.

Mzee wangu aliishia hapo. Mimi nikaomba tusonge mbele kidogo, mpaka Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Bungeni, watu wa chama cha Mwalimu mwenyewe walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika. Ilikuwa hoja ya kupendwa, ingempa makofi nchi nzima. Mwalimu akakataa kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya ngozi.

Mtu yule yule, suala lile lile la rangi. Mwaka 1958 aliinama, mwaka 1961 hakuinama. Nimelitafakari hilo usiku na mchana, na ninaloliona ni hili: pale Tabora, aibu waliimeza wao wenyewe waliopitisha uamuzi. Wale wasio na sifa za kupiga kura walikuwa wamekwisha nyimwa na mkoloni. Uamuzi wa Tabora haukuwaondolea kitu. Lakini mwaka 1961 gharama ingemwangukia jirani, mtu aliyezaliwa hapa, ambaye angeamka siku ya uhuru akiwa mgeni kwao.

Mtakumbuka Paulo naye alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile, lakini kwa Tito alikataa katakata. Huko nyuma nilidhani ni kigeugeu. Sasa naona kwamba kwa Tito wale ndugu wa uongo walitaka kuwatwika mataifa yote, yaani wasio Wayahudi, kongwa la tohara.

Na hapo ndipo Antiokia inaponichoma. Petro alikuwa akila na ndugu wa mataifa, meza moja. Wakaja Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa Kanisa la Yerusalemu, Petro akaanza kujitenga. Hakuikana imani. Hakubadili fundisho hata moja. Nadhani alikuwa na hesabu zake: Yerusalemu wasiudhike, Kanisa lisipasuke, mambo yatulie kwanza. Hesabu inayoeleweka kabisa kwa mtu aliyekabidhiwa kondoo wa Bwana. Lakini mtazameni yule ndugu wa mataifa siku hiyo. Chakula kipo mbele yake, nafasi ya Petro i tupu, na hakuna aliyemuuliza lolote. Umoja umelindwa kwa fedheha yake yeye ambaye hakuwamo kwenye kikao. Hata Barnaba akachukuliwa! Barnaba aliyeuza shamba lake na kuweka fedha miguuni pa mitume, mtu aliyejua kutoa cha kwake, siku hiyo akatoa heshima ya mwingine. Ndiyo maana Paulo alimpinga Petro ana kwa ana, mbele ya wote. Jambo lile halikuwa la kusubiri faragha.

Kayafa, kuhani mkuu, alikwenda mbali zaidi aliposema juu ya Yesu: Afadhali mtu mmoja afe, taifa lipone. Ni hesabu ile ile, na mtu huyo mmoja hakuwa Kayafa.

Nampenda Mwalimu, na kwa sababu nampenda sitaficha: miaka ya 70, kwenye Operesheni Vijiji, wako wazee waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwenye makaburi ya baba zao kwa ajili ya lengo lililoonekana jema. Lengo jema halikuwafuta machozi.

Kwa mama huyo sitakwenda. Nimekwisha mweleza mwenyekiti wa kigango. Mabati tutachanga, na yakichelewa tutanyeshewa sote.

Ninyi mnaogombea, mnaokaa halmashauri za walei, vyama, vikoba na vyama vya ushirika, nasema nanyi kwa upendo. Inameni, ikibidi, kwa migongo yenu wenyewe. Poteza nafasi. Vumilia kutukanwa. Pokea hatua ndogo ya leo kama kubwa bado haijawezekana; Mungu hakudai ususie kila kitu ili uonekane safi. Lakini tumezoea mno kusema "kwa maslahi mapana" huku tukimtazama mnyonge ambaye hayupo chumbani. Tumemnyamazisha binti aliyedhulumiwa ili jina la familia lisichafuke. Tumemwambia kibarua asidai ujira wake kwa kuwa tajiri wake ni mfadhili wetu. Kisha tukaimba Bwana utuhurumie. Tuache, ndugu zangu. Tuache kabisa.

Jumapili hii, kabla ya kupeleka matoleo, kumbukeni alivyotuagiza Bwana katika Mathayo sura ya tano. Kama yupo aliyelipia mkakati wako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Paroko wetu atakusubiri. Nimemwuliza, amesema atasubiri.