Programu ya mizani ya biti 32 kwenye Debian ya biti 64

Kompyuta ya ghala la mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya, ilibadilishwa, mpya ikawa na Debian (mfumo endeshi wa Linux) ya biti 64. Programu ya mizani ikagoma: "No such file or directory". Faili lipo, amri ya ls inalionyesha! Kinachokosekana ni kipakiaji chake (programu ndogo inayoianzisha na kuipakilia maktaba zake), /lib/ld-linux.so.2. Ujumbe huo umepotosha wengi wakaishia kusakinisha upya bure.

Nilianza na `file ./mizani`. Ikijibu "ELF 32-bit, Intel 80386", umeshajua ugonjwa: programu ni ya biti 32. Kisha, kama root (msimamizi wa mfumo), ongeza i386, yaani vifurushi vya biti 32:

dpkg --add-architecture i386
apt update
apt install libc6:i386 libstdc++6:i386

Usiruke apt update, la sivyo vifurushi vya i386 havitaonekana. Baada ya hapo `ldd ./mizani` itataja kila maktaba iliyobaki kwa "not found". Kwangu ilikuwa moja tu, libncurses5:i386, ambayo matoleo mapya ya Debian yameiacha, kwa hiyo niliitoa kwenye diski ya mashine ya zamani.

Ukiona "Exec format error", hapo shida ni kerneli yenyewe (kiini cha mfumo), haikubali programu za biti 32. Kagua:

grep IA32_EMULATION /boot/config-$(uname -r)

Lazima iwe =y. Kuanzia kerneli 6.7 inaweza kuwa imezimwa wakati wa kuwaka; ongeza ia32_emulation=1 kwenye mipangilio ya GRUB (programu inayowasha mfumo), endesha update-grub, washa upya.