Jumatano ya kliniki ya watoto: siku moja maishani mwangu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya umma mjini Tanga, na Jumatano ni siku yetu ya kliniki ya watoto. Wengi wanaoletwa siku hiyo ni watoto ambao shule imewachoka: hawatulii, hawamalizi kazi, hudakia maneno kabla swali halijaisha. Baadhi yao wana ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliozidi umri wa mtoto, na wengine wana mambo tofauti kabisa yanayofanana nayo. Ninaiandika Jumatano moja kama ilivyokwenda, nikiwa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mtu, kwa kuwa nimefikia kuamini kwamba hukumu ya watu humuumiza mtoto huyu na mama yake mapema kuliko hali yenyewe.

Saa 12:30 asubuhi

Hukumu ya kwanza niliisikia ndani ya daladala. Mvulana wa miaka kama sita alipanda kiti, akashuka, akachungulia dirishani, akavuta kamba ya mkoba wa abiria wa mbele, kisha akauliza kwa sauti kwa nini gari limesimama. Mama yake alimrudisha mkono kila mara bila kusema neno. Mzee aliyeketi nyuma akasema, bila kumlenga mtu kwa jina, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nusu ya gari ikaitikia kwa kuguna. Hakuna aliyemtaja baba. Sikuwa na namna ya kujua kama mtoto yule ana tatizo lolote, kwa maana safari fupi kama ile haimtoshi mtaalamu kujua, ilimtosha mzee.

Saa 2 asubuhi

Kabla ya kuanza kuwaona watoto huwa tunatoa elimu ya afya palepale kwenye mabenchi, na mimi hupenda kuanza kwa kuuliza watu wanasema nini huko nyumbani. Majibu huja kwa wingi. Mtoto amedekezwa na bibi, ametupiwa jini, anakula sukari mno, amezoeshwa simu, alizaliwa kabla ya siku zake, ni machepele tu, akikua ataacha. Huwa simkatizi mtu, kwa sababu ndani ya majibu hayo mna ukweli uliochanganyika na dhana: kuzaliwa njiti, kwa mfano, ni jambo linaloongeza uwezekano wa hali hii, na wako watoto ambao utukutu wao hupungua wakikua, ingawa ugumu wa kuwa makini huweza kubaki nao hata utu uzimani.

Siku hiyo mjadala ulikwama kwenye sukari. Niliwaeleza kwamba mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Hoover na Milich, waliwaambia baadhi ya akina mama kwamba watoto wao wa kiume wamenyweshwa sukari, ilhali kinywaji walichopewa watoto wote hakikuwa na sukari hata chembe. Akina mama walioambiwa hivyo waliwaona watoto wao kuwa watukutu zaidi kuliko walivyoonwa wale wengine, wakawakosoa zaidi, wakawa hawawaachii nafasi. Benchi zima likacheka. Mama mmoja akauliza, «Kwa hiyo, sista, sisi akina mama ni waongo?» Nikamjibu kwamba mtu akishapewa maelezo, macho yake huyatafutia ushahidi, na kwamba hata sisi wenye sare hatujasalimika na jambo hilo.

Saa 3 asubuhi

Wa kwanza aliingia na bibi yake: mvulana wa darasa la pili, mwenye kaptura iliyochanika gotini na mikono isiyokosa kitu cha kugusa. Bibi alipitia hatua zote ambazo mtaa ulimshauri. Mtoto alisomewa dua, akanywa kombe, akahamishwa madrasa, akachapwa na mjomba aliyeitwa makusudi kutoka Pangani.

«Nimelea watoto tisa, mwanangu,» aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. «Huyu fimbo haimwingii. Akichapwa analia, anaomba radhi kwa moyo wote, na machozi hayajakauka kashalirudia lilelile.»

Nililiandika neno lake kama alivyolisema, kwa kuwa ndilo maelezo bora ya kutenda kabla ya kufikiri niliyoyasikia mwaka mzima. Mtoto huyo anaijua adabu. Anachokosa ni ule upenyo mdogo kati ya wazo na mkono. Nilipomuuliza bibi kama kuna mwingine katika ukoo aliyekuwa hivyo, alicheka na kusema baba wa mtoto alikuwa hivihivi, ndiyo maana alikimbia shule. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una mchango mkubwa sana katika ADHD, takriban asilimia 70 hadi 80, jambo ambalo wazee wetu hulijua kwa kuwatazama watoto wao, isipokuwa wao huliita tabia ya ukoo.

Hata hivyo hatukumpa jina la hali hiyo asubuhi ile. Dalili zinapaswa kuwa zilianza kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe zinamkwamisha kweli. Maneno ya nyumbani pekee hayatoshi. Tunahitaji dodoso kutoka kwa mwalimu wake.

Saa 5 asubuhi

Msichana wa miaka tisa aliletwa na mama yake akiwa na barua ya shule iliyomwita mzembe na mwenye kiburi, kwa kuwa akiulizwa swali hukaa kimya akimkodolea mwalimu macho. Mama alikuwa amekwisha kusikia habari za ADHD na alikuja akiwa na uhakika. Dhana hiyo haikuwa mbaya, kwani wasichana wenye upungufu wa umakini bila utukutu husahaulika sana. Hawamsumbui mtu, basi hakuna anayewapeleka popote. Lakini kitu katika maelezo ya macho yale kilinifanya nimwite daktari.

Daktari alichana ukanda wa karatasi, akaushika mbele ya midomo ya mtoto, akamwomba aupulize mfululizo usitulie. Karatasi ilipepea kwa dakika moja na ushei. Kisha ikalala. Mtoto alikuwa ameketi wima, macho wazi, kope zikipepesa kidogo, na hakusikia jina lake lilipoitwa. Baada ya sekunde kama kumi akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba ndivyo anavyofanya mezani.

Ipo aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatupi mikono. Hupotewa na fahamu kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, na ina dawa zake. Daktari aliandika rufaa ya kipimo cha umeme wa ubongo. Mimi nilibaki nikiitazama barua ya shule. Mtoto huyo amekuwa akichapwa kwa kutojibu maswali ambayo hakuyasikia.

Saa 7 mchana

Wakati wa chakula, mwenzangu wa wodi nyingine alinitania kwamba ninahangaika na magonjwa ya Wazungu. Nilimkumbusha kwamba huko Uingereza nako, daktari George Still alipowaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake ya mwaka 1902, alilitaja tatizo lao kuwa ni kasoro ya kujitawala kimaadili. Hata wao, basi, walianzia kwenye adabu. Tafiti za nchi nyingi zilizojumlishwa mwaka 2007 zilipata kwamba takriban asilimia 5 ya watoto duniani wana hali hii, na tofauti zilizoonekana kati ya nchi zilitokana zaidi na namna ya kupima. Alinisikiliza, akamalizia wali wake, akasema bado ni magonjwa ya Wazungu.

Saa 8 mchana

Mama wa mwisho aliweka kadi ya kliniki ndani kabisa ya mkoba, chini ya kanga. Mume wake hajui kwamba wanakuja. Amekwisha kusema kwamba mwanawe si kichaa na hatanyweshwa dawa za vichaa. Kwa hakika tiba yetu huanza na mafunzo kwa mzazi: agizo moja kwa wakati mmoja, kumsifu papo hapo anapofanya vizuri, ratiba isiyobadilikabadilika, usingizi wa kutosha. Dawa ijulikanayo zaidi, methilfenideti, huachiwa daktari bingwa, na Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Kwa mtoto mwenye hali kali husaidia sana, na mimi ningependa ipatikane kwa urahisi zaidi. Nilimwomba mama amwambie mumewe aje, asikilize tu. Nadhani baba anaogopa zaidi mlango wenye maandishi ya afya ya akili kuliko kidonge.

Saa 9:45 alasiri

Nilipita shuleni kwa yule mvulana wa bibi. Mwalimu wake ana wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja, na siwezi kumlaumu mtu anayefundisha umati kwa kukosa subira na mmoja. Kuhusu fimbo, nilimtajia kwa upole kanuni za mwaka 2002, zinazotaka viboko visizidi vinne na vitolewe na mwalimu mkuu au kwa idhini yake ya maandishi. Alitabasamu kwa namna ya mtu anayezijua. Tukahamia kwenye mambo yanayowezekana: akae mbele mbali na dirisha, hesabu kumi zigawanywe mara mbili, yeye ndiye afute ubao na kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, ili apate ruhusa ya kutembea kabla hajajipa mwenyewe. Mwalimu alisema wenzake watadai anampendelea. Hilo nilikubaliana naye kwamba watalidai.

Saa 2 usiku

Simu iliita nikiwa jikoni. Alikuwa yule mwalimu. Alisema atalijaza dodoso, ila nije na nakala za ziada kwa sababu mashine ya shule haina wino, na kwamba katika darasa lake kuna watoto wengine watatu ambao angependa niwaone. Akawataja mmoja mmoja. Wote walikuwa wavulana, wote watundu. Nilimwahidi nakala hizo Ijumaa, nikamwomba anitajie pia wale wanaokaa kimya nyuma ya darasa.