Nilipokubali kukimbia polepole

Mara ya kwanza nilidumu dakika mbili, labda na nusu. Nilitoka mlangoni kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na mbwa, maana hivyo ndivyo nilivyojua kukimbia: shuleni mbio zilikuwa za kushindana, na aliyekimbia polepole alichekwa. Sijafika mbali kichomi kikanibana ubavuni, nikainama, mikono magotini, natweta. Mzee mmoja aliyekuwa anajitembelea na fimbo yake akanipita. "Pole, mwanangu," akasema, wala hakusimama. Nikarudi nyumbani nimeshajihukumu kwamba mbio si zangu.

Hukumu hiyo niliishikilia mwaka mzima. Kilichonitoa tena ndani hakikuwa hamasa, zilikuwa ngazi. Siku moja lifti kazini iliharibika, nikapanda hadi ghorofa ya nne kwa miguu, na nilipofika nikashindwa hata kuitikia salamu. Wenzangu walidhani nimepata habari mbaya.

Safari hii nilitafuta mpango wa kufuata. Niliochagua ni ule ambao Mmarekani Josh Clark aliutunga mwaka 1996, akimfikiria mama yake, ili naye aanze kukimbia. Ni wa wiki 9, siku 3 kwa wiki. Siku ya kwanza unatembea kwa haraka dakika 5 kupasha mwili moto, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Sekunde 60! Nilicheka niliposoma. Kufika mzunguko wa sita kicheko kilikuwa kimeisha.

Kosa langu lilikuwa lile lile la mwanzo. Kila sekunde 60 nilizitimua kana kwamba kuna utepe wa kukata mwishoni. Dada yangu, ambaye amekimbia miaka mingi, ndiye aliyeligundua. Alikuja siku moja kunisindikiza, na tulipoanza tu akaanza kunihadithia mambo ya watoto wake, tena kwa maswali. Nikawa najibu "eeh" na "aah."

"Mdogo wangu," akasema, "kama huwezi kumaliza sentensi, umezidisha. Punguza."

Nikapunguza.

"Punguza tena."

Tulipunguza mpaka nikaona haya. Kuna mtu alitupita akitembea, na mkononi alikuwa na mzigo. Lakini nilikuwa naongea, na muda wa kukimbia ulipoisha sikuwa na hamu kubwa ya kuacha. Hilo halikuwa limewahi kunitokea.

Baadaye nilielewa kwa nini. Mbio za kupiga soga ndizo zinazojenga pumzi: moyo unazoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli inaota vimishipa vipya vya kuifikishia hewa. Hata mabingwa hukimbia taratibu sehemu kubwa ya mazoezi yao. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kila kilomita ilimchukua kama dakika 2 na sekunde 50. Mimi kilomita yangu ilikuwa dakika 9 na ushee. Hakuna haja ya kutuweka kwenye sentensi moja, ila ilinifariji kujua kwamba mtu kama yule naye ana siku zake za kwenda polepole.

Wiki ya tano mpango unakutaka ukimbie dakika 20 mfululizo bila kutembea. Niliiogopa siku hiyo kama mtihani, kisha ikapita. Ndipo nikalewa ushindi. Nikaongeza siku ya nne ya kukimbia, nikaongeza na kasi, huku miguuni nina raba kuukuu zilizoisha soli upande mmoja. Wiki mbili baadaye miundi ikaanza kuuma, asubuhi hasa, nikikanyaga tu sakafu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba pumzi huimarika ndani ya wiki chache, ila mifupa na kano huchukua miezi. Yaani unajisikia una nguvu wakati miguu yako bado haijawa tayari, na hapo ndipo wanaoanza wengi wanapoumia. Nilipumzika siku 10, nikawa natembea tu, nikanunua viatu vya kukimbilia na kurudi wiki mbili nyuma kwenye mpango. Maumivu yangu yalikuwa yametandaa kwenye muundi wote. Yangekuwa mahali pamoja, pa kugusa kwa ncha ya kidole kwenye mfupa, nisingesubiri, ningekwenda kwa daktari, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Nilimaliza mpango. Nikafikisha dakika 30 mfululizo, nikampigia dada simu kujisifu. Na hapo, kwa mshangao wangu, hamu ikafa. Hapakuwa tena na wiki ya kuifuata, na programu ya simu ilikuwa inanilinganisha na jana kila siku. Nikiwa nimechelewa kwa sekunde kadhaa, naudhika. Nikiudhika, kesho yake natafuta sababu ya kutokwenda.

Nilichofanya ni kushusha masharti mpaka yakawa ya kuchekesha. Kazi yangu ni kuvaa viatu, kutoka na kukimbia dakika 10. Zikiisha nina ruhusa kamili ya kurudi, bila kujieleza kwa mtu. Simu naibeba siku moja tu kati ya tatu. Nikikosa siku, sawa, lakini sikosi mara mbili mfululizo. Jumamosi dada ananisubiri njiani, na kumwacha dada mkubwa amesimama peke yake alfajiri ni kesi nisiyotaka kuijibu. Kila nikitoka naweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Ruhusa ile ya kurudi siitumii sana, kwa sababu kilichokuwa kizito ni kamba za viatu. Leo nimeitumia. Mvua ilinikuta dakika ya 8, nikavumilia hadi ya 10, nikageuza. Dada anasema hiyo haihesabiki. Alama nimeshaiweka, na kalamu ni ya wino.