Mtungi Uliozimika Sirimon

Mwenye duka ninakonunulia gesi Kasarani ana neno lake moja: gesi ni gesi. Kwa miaka yote ambayo nimepika Nairobi sikuona sababu ya kumbishia, kwa kuwa hata katika asubuhi za Julai, mawingu yanapoulalia mji kutwa na abiria wa matatu wakajikunyata ndani ya majaketi, jiko langu liliwaka kwa moto uleule wa samawati tangu siku ya kwanza ya mtungi hadi ya mwisho. Agosti iliyopita nilipanda na mtungi wa duka hilohilo hadi lango la Sirimon, kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya, na alfajiri ya kwanza ukagoma.

Gari lenyewe ni Hiace kuukuu ambayo niling'oa viti vya nyuma, nikaweka kitanda, kabati na jiko la vichomeo viwili. Hita niliinunua kwa msafiri Mjerumani aliyekuwa amefikia mwisho wa safari yake hapa Nairobi na akawa anauza vitu vyake kimoja kimoja. Ni hita iliyofungwa: huvuta hewa ya kuunguzia gesi kutoka nje kwa bomba moja, hutoa moshi nje kwa bomba jingine, na hewa tunayovuta sisi hupita tu kando ya chuma chenye joto bila kukutana na moto wenyewe. Kibandiko chake kinataka gesi ya presha ya milibari 30, ambayo rejuleta ya kawaida ya nyumbani huweza kuitoa, na nguvu yake ni kilowati 2. Kwa hesabu hiyo, ikiwaka bila kupumzika, hula takriban gramu 160 za gesi kwa saa.

Sanduku la mtungi nilikwenda kutengenezewa Kamukunji, kule ambako milio ya nyundo juu ya mabati haikomi tangu asubuhi hadi jua lizame. Nilimwomba fundi, mzee mwenye mvi na vidole vilivyokauka kwa kazi ya miaka mingi, atoboe matundu ya hewa upande wa juu wa sanduku, kama yalivyo madirisha madogo ya jikoni. Aliweka nyundo chini, akanitazama.

"Kijana wangu, huu si moshi. Gesi ya kupikia haipandi, inashuka. Ikivuja italala sakafuni kama maji, ingoje cheche. Tundu lake ni chini."

"Nimekuelewa, Mzee. Toboa chini."

Alikuwa na haki kabisa. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani: propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, na butani ni nzito kwa takriban mara mbili. Tulikubaliana sanduku lifunguke kwa nje tu, lisiwe na upenyo hata mdogo wa kuingilia mahali pa kulala, na matundu yake yapite sakafu ya gari hadi chini barabarani. Alipomaliza alipaka povu la sabuni ya unga kwenye kila kiungo cha mpira, akainama karibu kabisa akitafuta kiputo kinachovimba. Hakukuwa na kiputo. Kazi ile ilinigharimu siku nzima na sijutii hata saa moja yake.

Shule zilipofungwa niliondoka na dada yangu na mwanawe wa miaka 9. Tulishika Barabara ya Thika saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Kenol, Makutano na Sagana, tukanunua viazi na karoti Karatina, na baada ya Kiganjo upepo wa mlimani ukaanza kuingia kwa kila ufa wa mlango. Nanyuki tulikunywa chai tu, tukaendelea na barabara ya Timau kama kilomita 15, tukakata kulia kuufuata mlima. Nairobi iko kwenye mita 1,795 juu ya usawa wa bahari; lango la Sirimon liko kwenye takriban mita 2,650. Jua lilipotua nyuma ya Laikipia, mtoto alivaa soksi mbilimbili bila kuambiwa na mtu.

Kosa langu nililitenda kabla hatujatoka nyumbani. Sanduku lilitengenezwa litoshe mtungi wa kilo 13, lakini mimi nilichukua ule mdogo wa kilo 6, ambao wengi wetu huuita meko, kwa sababu ulikuwepo na ulikuwa na gesi. Niliupima kwa mizani, nikaondoa uzito wa chuma uliopigwa chapa kwenye shingo yake, nikapata kilo 2 na nusu. Kwa gramu 160 kwa saa, nikasema, usiku mmoja unatosha na chai ya asubuhi inapatikana. Hesabu ya kilo ilikuwa sahihi. Nisilolihesabu ni kwamba kilo zile 2 na nusu hazikuwa gesi ileile iliyokuwamo siku mtungi ulipokuwa mpya.

Usiku ulianza vizuri. Hita ilinguruma taratibu, vioo vikabaki vikavu, na tulilala na blanketi moja moja huku kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto, ikimulika taa yake ndogo ya kijani kwenye ukuta karibu na mito yetu. Kengele ya pili, ya gesi inayovuja, niliifunga chini karibu na sakafu, kwa sababu ileile aliyonipa mzee wa Kamukunji. Saa kumi na moja alfajiri dada yangu aliamka akawasha jiko ili achemshe maji. Moto wa jiko ulikuwa mfupi, wa kuchechemea, na muda mfupi baadaye nikasikia mngurumo wa hita ukikatika, kisha mlio mdogo wa vali ya usalama ikijifunga. Kipimajoto nilichokuwa nimekining'iniza nje kilisoma nyuzi 3.

Nilitoka na tochi nikafungua sanduku. Sehemu ya juu ya mtungi ilikuwa kavu. Kuanzia kama upana wa vidole vinne kutoka kitakoni, chuma kilikuwa kimefunikwa na barafu nyembamba nyeupe, na mpaka wake ulinyooka kuuzunguka mtungi kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Nilipoutikisa nilisikia kimiminika kikicheza ndani. Gesi ilikuwapo, ilichoshindwa ni kuinuka.

Ndani ya mtungi gesi si hewa, ni kimiminika, na ili itoke ni lazima ichemke kwanza. Kuchemka huko kunahitaji joto, nalo joto hutolewa kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma kinachokigusa, kama jasho linavyoupoza mwili linapokauka. Kadiri unavyotumia gesi kwa kasi ndivyo mtungi unavyopoa, na ukiwa umebaki na kimiminika kidogo, eneo la chuma linaloweza kukirudishia joto kutoka nje nalo ni dogo. Ndiyo maana barafu ilikaa pale chini tu. Nje kulikuwa na nyuzi 3, lakini ndani ya ule mtungi kulikuwa na baridi iliyopita sifuri.

Hapo ndipo aina ya gesi inapokuwa na maana. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna baridi ya nchi hii inayoweza kuizuia. Butani huacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri kwenye usawa wa bahari. Mtungi wa duka la mtaani kwetu una mchanganyiko wa hizo mbili, na butani ndiyo nyingi. Wapishi wa chang'aa wanalijua vizuri jambo ambalo mimi sikulifikiria: ukichemsha mchanganyiko, chepesi hutangulia kutoka na kizito hubaki. Kila jioni niliyopika Kasarani nilikuwa nikichota propani kwa wingi na kubakiza butani, hivi kwamba nusu ya pili ya mtungi haikuwa sawa na nusu ya kwanza. Kimo cha Sirimon kilitusaidia kidogo, kwa kuwa hewa ya kule ni nyepesi na butani huweza kuchemka kwenye baridi zaidi kuliko Mombasa, lakini msaada huo haukufua dafu mbele ya hita na jiko vikiwaka pamoja juu ya mabaki yale.

Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka. Dada yangu alikuwa na lile jiko letu dogo la makaa la kuchomea nyama nyuma ya gari.

"Kaka, tuliwashe humu ndani dakika kumi tu, mlango tuuache wazi kidogo."

Nilikataa, na nilikataa kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mtaani nilikokulia tuliwahi kuzika majirani waliolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi. Hawakusikia harufu yoyote, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Ningekataa vivyo hivyo hata kama angetaka kutumia vichomeo vya jiko letu la gesi kupasha joto chumba. Moto ulio wazi ndani ya gari hula oksijeni ya mnaolala, na huko juu hewa yenyewe ni haba, hivyo gesi ni rahisi kuungua nusunusu. Isitoshe, kila kilo moja ya propani inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika mvuke, na mvuke huo huishia kwenye vioo, magodoro na nguo. Jiko ni la kupikia, dirisha likiwa wazi. Joto la kulalia litoke kwenye hita inayopumua nje.

Wala sikuupasha mtungi kwa moto, jambo ambalo nimeona watu wakilifanya na linalonitia hofu kila nikilikumbuka. Tulifunga vali, tukamvika mtoto kila nguo iliyokuwapo, tukawasha injini na kuteremka Nanyuki jua likianza kupiga vilele vya Batian na Nelion.

Mjini kijana mmoja mwenye duka alijitolea kuuongeza ule mtungi wangu mdogo kwa kuuhamishia gesi kutoka mtungi mkubwa, palepale nyuma ya duka. Nilimshukuru nikaenda zangu. Sisi wa Nairobi bado tunaukumbuka usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka Embakasi na moto ukazifikia nyumba za watu; na hata pasipo mlipuko, mtungi uliojazwa namna hiyo huna njia ya kujua umeachiwa nafasi kiasi gani. Kimiminika kinapaswa kuishia kwenye takriban asilimia 80 ya mtungi, ili kiwe na pa kupanukia jua linapouchoma. Nilinunua mtungi mzima wa kilo 13 uliofungwa lakiri, pamoja na rejuleta yake, kwani ile ya mtungi mdogo hukazwa kwa kuzungushwa na hii hubanwa kwa juu. Nilimuuliza muuzaji kama ana propani tupu. Hakuwa nayo. Aliniuliza rangi ya mtungi ninaoutaka, na hapo kuna tofauti ambayo anayesoma ushauri wa wasafiri wa Ulaya anapaswa kuijua: Uingereza mitungi ya buluu ya Calor ni ya butani na myekundu ni ya propani, hivyo mtu huchagua kwa macho baridi inapokaribia, kwetu rangi ni alama ya kampuni na haikwambii kilichomo. Hata propani ikipatikana, haifai kuwekwa kwenye mtungi wowote tu, maana kwenye nyuzi 20 husukuma kwa takriban bar 8 pale butani inaposukuma kwa bar 2.

Kwa hiyo nilichagua nilichoweza kukichagua: mtungi mpya, mkubwa, ambao propani yake ilikuwa bado haijaguswa na ambao kimiminika chake kiligusa chuma kingi. Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo, nikangoja, nikapaka tena. Usiku wa pili palepale Sirimon kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 2, na dada yangu alipoamka kuchemsha maji hita ilikuwa bado inanguruma. Nilitoka kwenda kuutazama mtungi. Ulikuwa na umande mwembamba, wa baridi lakini wa maji, ulioishia juu kidogo ya katikati. Nilirudi ndani nikamkuta mpwa wangu amejifunua blanketi hadi kiunoni.

Tuliporudi Kasarani niliupima tena ule mtungi mdogo: zilikuwa zimebaki gramu 700. Niliufunga kwenye jiko la nyumbani jioni ileile, dirisha likiwa wazi na nje kukiwa na nyuzi 15, nikawasha. Moto ulisimama wa samawati, umetulia. Tulipika ugali na sukuma wiki, kesho yake chai na wali, na ulidumu siku kadhaa hadi gesi ikaisha kabisa. Mtungi wa kilo 13 nimeuacha ndani ya sanduku la Kamukunji. Ukifika nusu nitauhamishia jikoni, na gari litapata mpya kabla halijapanda tena.