Sanduku la Pebble Mill
Jana jirani yangu hapa Birmingham, bibi wa miaka 80 na ushee, alinifungulia sanduku la bati linalokaa uvunguni mwa kitanda chake. Zamani alikuwa mshonaji wa mavazi Pebble Mill, studio za BBC zilizofunguliwa 1971. Zilikuwa na idara yake ya tamthilia, ili hadithi za mikoani zisiachiwe London peke yake. Nilidhani nitaonyeshwa picha mbili tatu. Tukakaa mpaka giza likaingia.

Ndani mna miswada iliyopigwa taipu, kurasa zimegeuka manjano, na pembeni maneno ya penseli: "kifungo cha tatu kimekatika". Mna picha za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera, za waigizaji wakiwa wamevaa, ili kesho yake tai ifungwe vilevile kama jana. Moja imefifia hadi uso hauonekani, ila kola bado nyeupe pe.

Kilichonigusa zaidi ni Empire Road, tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa 1978 na 1979: familia za Weusi na Waasia wa mtaa mmoja, mwandishi wake Michael Abbensetts, mzaliwa wa Guyana. Waliirekodi Handsworth, eneo la hapa Birmingham ninakopita kila siku kwenda kazini! Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia.

Jengo la Pebble Mill lilivunjwa 2005, leo pale pana hospitali ya meno. Nimemwomba bibi tuandike nyuma ya kila picha ni nani na alivaa nini. Amekubali. Tunaanza Jumamosi, penseli nimeshanunua.