Huyu Anko Phil ni nani wa Will?

Juzi umeme ulirudi usiku saa mbili hivi, nikakuta watoto wa dada yangu wamejibana kwenye simu yangu wanaangalia Fresh Prince, ile komedi ya Will Smith ya miaka ya 90, na yule mdogo bila hata kunisalimia akaniuliza, "Mjomba, huyu Anko Phil ni nani wa Will?" Nikamwambia ni mume wa ndugu ya mama yake. Akanitazama kama mtu amemdanganya. "Sasa si ni baba yake?"

Yaani nilicheka, maana hilo swali sisi tulishagombania miaka hiyo hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kwa mama mkubwa. Tulikuwa watoto saba sebuleni na hatukuwa wa tumbo moja, mimi na dada yangu, watatu wa mwenye nyumba, na wawili ambao mpaka leo sijui vizuri waliletwa na nani. Mama mkubwa akasema huyo si anko, mjomba ni ndugu wa mama, huyo Phil ni baba mdogo. Baba mdogo au mkubwa? Hapo tena vita, kwa sababu hakuna aliyejua kati ya mama yake Will na huyo Vivian, mke wa Phil, nani alitangulia kuzaliwa, na Kizungu kinawaita wote aunt basi kinaenda zake.

Sasa hii ndiyo kitu inanishangaza nikiiangalia ukubwani. Stori nzima ni kijana ametolewa Philadelphia kupelekwa kwa ndugu wa mama yake wenye pesa akasome atulie. Banange, kichekesho kiko wapi hapo? Nusu ya darasa letu walifika shule kwa njia hiyo hiyo! Sisi tulichokuwa tunacheka ni ule ukubwa wa nyumba na yule mtu mzima aliyeajiriwa kufungua mlango. Na mwaka 1993 walipombadilisha Aunt Viv, Janet Hubert akaondoka akaingia Daphne Maxwell Reid, watoto wale wale, kiti kile kile, mama mwingine, Jazz, rafiki yake Will, akamwambia tangu ujifungue umebadilika halafu Will akaigeukia kamera, sisi tuliona ni sawa tu, mzee ameoa tena. Hakuna aliyetueleza ni mambo ya mikataba ya waigizaji. Jirani yetu alikuwa amefanya hivyo hivyo mwaka huo huo tulipoiona, na pale kwake pia watoto waliambiwa msalimieni mama, imeisha.

Halafu wenzetu Marekani walikuwa wanapigania haya mambo kwelikweli. 1992 makamu wa rais wao, Dan Quayle, alisimama kwenye hotuba akamlaumu Murphy Brown kwa kuzaa bila mume, na Murphy Brown ni mtu wa kwenye TV, hayupo! Huku kwetu mwanamke akizaa bila mume hahitaji makamu wa rais, kuna shangazi zake. Modern Family nayo ilikwenda kuanzia 2009 mpaka 2020, na Jay, mzee mwenye mke kijana na mtoto wa kambo, ndiyo "familia ya kisasa" yenyewe. Hapa Busia Jay ni mzee wa kawaida kabisa, tena yeye ana adabu, yule wa kwanza aliachana naye kwanza. (Ile nyumba ya Mitchell na Cameron, wanaume wawili wanaoishi kama mke na mume, siigusi, sheria yetu ya 2023 ya kupinga ushoga mnaijua.)

Komedi zilizotugonga ni za nchi jirani, Kenya. Antena yetu ilikuwa imefungwa kwenye mti, ukiizungusha kidogo unashika KBC, Mzee Ojwang na Mama Kayai wanagombana kwenye Vitimbi na nyumba nzima kimya. Baadaye ikaja Papa Shirandula kule Citizen, 2007, na hiyo ndiyo naona ilitaja jambo lenyewe, baba yuko mjini ni soja wa getini lakini mke wake anaamini ana kazi kubwa ya ofisi. Tulicheka sana, ila mama mkubwa alikuwa anacheka nusu. Mume wake alikuwa Kampala, na kazi yake hatukuwahi kuiona.

Lakini hata hiyo imepitwa. Siku hizi anayeondoka ni mama. Dada yangu yuko Oman mwaka wa tatu, anafanya kazi za ndani, analea watoto wa watu, na wa kwake wako na mimi kwenye vyumba viwili vya kupanga hapa karibu na stendi, kwa hiyo Anko Phil ni mimi, bila jumba na bila mtu wa kufungua mlango. Komedi ya mama aliyeondoka hivyo mimi sijaiona bado. Labda ngumu kuichekesha, sijui, mbona tulicheka za Shirandula?

Basi juzi walikuwa wamefika pale baba yake Will anarudi baada ya miaka, anaahidi kumchukua halafu anakimbia tena, Will anamlilia Phil. Katikati pale pale picha ikakatika, dada anapiga video. Mdogo akashika simu.

"Mama subiri kidogo, Will analia."

"Will nani?"

"Wa Anko Phil."

Dada akanitafuta kwenye kioo nimweleze. Nikageukia sufuria.