Nilivyotofautisha fokasi na urefu wa fokasi

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba picha ikitoka na ukungu, dawa yake ni kuivuta karibu zaidi. Lenzi yangu ni ya milimita 18 hadi 55 na ina pete mbili, ambazo nilikuwa nikizizungusha kwa kubahatisha nikidhani kazi yake ni moja.

Jiwe la Bismarck, mwamba ulio ndani ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, ndilo lililonifumbua macho. Jioni moja nilisimama ufukweni nikalipiga picha kwa milimita 18, kisha kwa milimita 55 bila kuinua mguu. Nilipofika nyumbani niliikata ile ya kwanza pembezoni hadi ikabaki sehemu iliyomo katika ya pili, nikaona jiwe, maji na nchi kavu ya ng'ambo vimepangana vilevile. Kilichobadilika ni upana tu, kutoka pembe ya takriban nyuzi 75 hadi nyuzi 28 hivi. Hiyo ndiyo kazi ya urefu wa fokasi, yaani hizo milimita. Fokasi yenyewe huamua ni umbali gani mbele ya kamera utakaokuwa mkali, na pete yake husogeza vioo vya ndani ya lenzi mpaka mwanga kutoka umbali huo ukutane barabara juu ya sensa, ile sehemu ya kamera inayonasa picha.

Kulielewa hilo kulikuwa rahisi kuliko kulitumia. Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, nilimkuta mzee akishona nyavu zilizotundikwa mbele yake, nikamwamkia na kumwomba ruhusa.

"Marahaba. Piga tu mwanangu, ila usinikawize," akanijibu.

Nilikuwa umbali wa mita mbili, lenzi ikiwa kwenye milimita 55 na tundu lake la kupitishia mwanga kwenye kipimo cha f/5.6. Kwa vipimo hivyo eneo lililo kali halizidi sana sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, na nyavu zilikuwa nusu mita mbele ya uso wake. Kamera ikijichagulia fokasi ilishika nyuzi kila mara, na hata nilipoiwekea nukta moja tu juu ya jicho, bado ilirudi kwenye nyuzi. Nikazima fokasi ya kujiendesha, nikakuza taswira kwenye kioo cha nyuma, nikaizungusha pete taratibu sana. Nyavu zilififia zikawa kama moshi, na mvi za kidevuni mwake zikaanza kuhesabika moja moja.

Nilimwonyesha picha zote mbili. Aliitazama ya kwanza akasema, "Hapa umepiga nyavu," kisha ya pili, akatabasamu na kurudi kwenye sindano yake.

Kabla ya kuondoka nilirudisha lenzi kwenye milimita 18, nikiwa palepale na kwa tundu lilelile, fokasi ikiwa juu ya uso wake. Safari hii nyuzi na uso vilitoka vikali kwa pamoja, kwa sababu urefu mfupi wa fokasi hupanua kina cha ukali, yaani lile eneo lililo kali kutoka mbele hadi nyuma. Picha hiyo nayo naipenda, kwa kuwa inaonyesha kazi yake. Ile ya milimita 55 inamwonyesha yeye.